Kabla ya Dawa ya Mkahawa Kulikuwa na Dawa ya Gikomba

Ingia mkahawa wowote wa bei kali pale Westlands ama Kilimani, uangalie menyu. Katikati ya kahawa na juisi utapata kinywaji kinaitwa "dawa". Ni tangawizi, limau, asali na maji moto, basi. Bei yake ingekununulia unga wa wiki. Msee anakunywa akiwa na laptopu mbele yake, anapiga picha, anaposti, na hakuna mtu anamuuliza kama siku hizi anaenda kwa mganga.

Sasa panda mat urudi upande wetu, ushuke Gikomba. Kuna mama amepanga magome, mizizi na poda juu ya gunia. Ako na tangawizi, ako na mwarobaini, ako na muthiga. Mteja akikaribia, kwanza anaangalia kama kuna mtu wa kanisa lao hapo karibu. Akinunua, anafungiwa na gazeti, anatupa kwa mfuko haraka kama mtu amebeba kitu cha wizi.

Tangawizi ikiwa Westlands ni afya. Ikiwa Gikomba ni mambo ya giza. Nani alituchorea huo mpaka? Juu ulichorwa, wasee. Haukuanguka kutoka mbinguni. Una historia, na sehemu kubwa ya hiyo historia iko hapa kwetu Eastlands.

Mitaa iliyojengwa na watu waliobeba mizizi

Anza na jina Kariokor. Tunalitaja kila siku tukienda kula nyama, na wachache hujiuliza limetoka wapi. Ni "Carrier Corps" likatamkwa kwa midomo yetu. Hao ni wanaume wa Kiafrika waliochukuliwa na Waingereza kubeba mizigo kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, wakipigana na Wajerumani huko Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Wale walioponea walijua kitu kimoja kwa uchungu: ukiwa mbali na nyumbani na tumbo limeanza kukata, maarifa ya kutofautisha gome moja na lingine yanaweza kuwa ndiyo hospitali pekee uliyo nayo.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilifungua Pumwani kama mtaa rasmi wa Waafrika. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Bahati. Miaka ya 1970 ikaleta Dandora, Umoja na Buruburu, halafu Kayole ikafuata. Wakoloni walipanga Eastlands iwe stoo ya wafanyakazi: mwanamume aje na kipande chake shingoni, afanye kazi ya reli ama ya kaunsili, alale, mkataba ukiisha arudi reserve. Hawakupanga aje na familia, wala hawakupanga aje na dawa.

Lakini watu hawahami mikono mitupu. Majengo, Waswahili na Waislamu wengine walikuja na tiba zao: habasoda, ubani, shubiri, mswaki wa mti wenyewe. Wakamba walikuja na miti ya Kitui na Machakos, na mpaka leo mtu akisema dawa kali ya kienyeji, watu wa Nairobi wanafikiria Ukambani kwanza. Waluhya walileta mukombero, ule mzizi wenye harufu kama ya vanila ambao jamaa bado wanauza kwa vifungu wakipita kati ya magari kwa jam. Wamasai walileta gome la olkiloriti, na kama umewahi kukunywa supu ya kichwa kwa kibanda ukaulizwa kama unataka "ya Kimasai", basi umeshaonja maktaba yao. Wakikuyu walileta muthiga na muiri kutoka misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Kwa Kijaluo, neno "yath" ni mti na pia ni dawa, neno moja kwa vitu viwili. Kwa Kikamba, ukisema "miti" unaweza kuwa unaongea kuhusu miti ya shambani ama dawa ya kukunywa. Na kwa Kikuyu, "muthaiga" ni dawa, hasa ile ya kinga. Ndiyo, Muthaiga. Ule mtaa wa mabwanyenye wenye klabu iliyofunguliwa usiku wa kuamkia 1914, unaotazamana na Mathare, umebeba neno la dawa. Matajiri wanaishi ndani ya hilo neno na hawajui. Sisi tunaoishi ng'ambo tunalijua lakini tunaliona aibu.

Kwa hivyo kitu cha kipekee kilitokea hapa. Kijijini, bibi wa Kitui alijua miti ya Kitui. Eastlands, kwa ploti moja yenye choo kimoja, mtoto wa Mkamba akikohoa usiku, jirani Mjaluo analeta yake, Mluhya analeta yake, na mama wa Kiswahili wa Majengo anakuja na asali na habasoda. Hakuna sehemu nyingine ya Kenya iliyochanganya maarifa ya makabila mengi hivyo kwa ukaribu hivyo. Mtaa wetu ulikuwa chuo, ni vile tu hakuna mtu aliyeweka bango kwa geti.

Na hii si hadithi yangu tu ya mtaani. Mwaka 1980 watafiti Charles Good na Violet Kimani walichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki utafiti kuhusu tiba ya jadi ndani ya jiji la Nairobi. Miaka saba baadaye Good akatoa kitabu kizima kuhusu tiba hizo Kenya, kijijini na mjini. Wasomi wengi wakati huo waliamini kwamba watu wakishafika mjini wataziacha dawa za kienyeji kama nguo kuukuu. Hazikuachwa. Zilipanda basi pamoja na watu, zikashuka Machakos Country Bus.

Sheria ya 1925

Sasa turudi kwa ule mpaka.

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Uchawi. Ukitaka kuona sheria inavyoweza kuharibu kitu bila kukitaja, soma hiyo. Inapiga marufuku uchawi lakini haielezi uchawi ni nini. Kazi ya kuamua ikabaki kwa ofisa, kwa chifu, kwa hakimu Mzungu aliyefika juzi na meli.

Shida ni kwamba kwa jamii zetu, mtu wa dawa hakuwa mtu mmoja. Kulikuwa na anayejua mimea tu. Kulikuwa na mkunga. Kulikuwa na anayeunga mifupa. Kulikuwa na mpiga ramli. Na kulikuwa na mchawi, ambaye hata sisi wenyewe tulimwogopa na kumwadhibu. Lugha zetu zilikuwa na jina tofauti kwa kila mmoja. Wakikuyu walimheshimu mundu mugo na kumchukia murogi. Wakamba walimtenganisha mundu mue na mchawi. Kizungu cha mkoloni kikawachukua karibu wote, kikawaita "witch doctor", kikawafungia kwa gunia moja.

Wamishenari wakakaza kamba. Ukitaka kubatizwa, unaacha mganga. Ukitaka mtoto asome shule ya misheni, unaacha mganga. Na hapa tuwe waungwana: misheni na serikali zilileta vitu vya maana pia. Hospitali ya kina mama ya Pumwani, iliyofunguliwa 1926 ikiitwa Lady Grigg, imezalisha vizazi vya Eastlands. Kuna uwezekano mkubwa wewe unayesoma hii ulizaliwa hapo, ama mathe wako. Chanjo na antibayotiki ziliokoa watu ambao hakuna gome lingewaokoa. Ubaya ni kwamba tuliambiwa tuchague, kwamba ukipokea sindano lazima uchome kitabu cha nyanyako.

Kitabu chenyewe hakikuwa kimeandikwa. Kilikuwa kichwani. Na kitabu cha kichwani kinachomwa kwa aibu tu, hakihitaji kiberiti.

Uhuru ulikuja, gunia likabaki

Ungefikiri 1963 ingebadilisha mambo. Rais wa kwanza mwenyewe, Jomo Kenyatta, alikuwa mjukuu wa mundu mugo. Aliandika hivyo katika kitabu chake cha 1938, "Facing Mount Kenya", kwamba akiwa kijana alimsindikiza babu yake kazini. Ndani ya kitabu hicho kuna sura nzima kuhusu uganga na tiba. Mtu huyo akaingia Ikulu, na Sheria ya Uchawi ikabaki pale pale. Mpaka leo iko kwa vitabu vya sheria za Kenya, Sura ya 67.

Serikali huru ilifanya kitu cha ajabu kidogo. Kwa miaka mingi, mtu wa mitishamba akitaka cheti cha kufanya kazi, alikipata kwa watu wa utamaduni, si kwa watu wa afya. Fikiria hiyo kwa makini. Mtu anayempa binadamu kitu cha kumeza anawekwa deski moja na wacheza ngoma. Ngoma ni poa, mimi nazipenda. Lakini ofisa wa utamaduni hana maabara. Hawezi kukwambia kama ile poda ina sumu, kiasi gani ni salama, ama kama imechanganywa na tembe za duka la dawa zilizosagwa.

Mnamo 1978 dunia yenyewe ilikuwa imeanza kubadilika. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani kule Alma-Ata, Muungano wa Kisovieti, ulikubali kwamba waganga wa jadi wanaweza kuwa sehemu ya huduma ya afya ya msingi. Jirani zetu hawakungoja. Tanzania ilikuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili tangu 1974, na mwaka 2002 ikapitisha sheria maalum ya tiba asili na tiba mbadala, ikaunda na baraza lake. Uganda ilikuwa na maabara ya serikali ya dawa za mimea tangu miaka ya 1960.

Sisi pia hatukulala kabisa, na ni vizuri vijana wajue majina. Mwaka 1976 profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha "Medicinal Plants of East Africa", kitabu kinachotaja mmea, jina lake kwa lugha zetu, na unatumika kutibu nini. Kimerudiwa kuchapishwa zaidi ya mara moja. KEMRI, iliyoanzishwa 1979, ina kituo kizima cha utafiti wa dawa za jadi. ICIPE, kituo cha wadudu alichoanzisha profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiko Kasarani, mat moja tu kutoka Mathare. Katiba ya 2010 inataja maarifa ya jadi kama kitu cha kulindwa. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ikafuata, na Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima kuhusu tiba ya jadi.

Karatasi ziko, nyingi sana. Shida ni umbali kati ya karatasi na yule mama wa Gikomba. Yeye bado anafukuzwa na askari wa kanjo, soko bado linaungua kila mara (moto wa Juni 2018 peke yake uliua watu 15), na bado hakuna mtu amekuja na daftari kumuuliza anajua nini.

Gome la muthiga na safari ya muiri

Hapa nataka tukae kidogo.

Muthiga ndio ule mti wenye gome la pilipili. Ukitafuna kipande kidogo ulimi unawaka. Wamasai wanauita osokonoi, wanasayansi wanauita Warburgia ugandensis. Shosho yangu, ambaye aliishi Bahati akiwa msichana kabla ya kurudi Murang'a, alitupatia wa kikohozi na wa jino. Hakutuambia una nini ndani. Alijua unafanya kazi, na alijua kiasi: kipande cha ukubwa wa ukucha, si zaidi. Mwaka 1976 wanakemia walichapisha matokeo kuonyesha kwamba ndani ya hiyo miti ya Afrika Mashariki kuna kemikali kali sana kiasi kwamba viwavijeshi vinakataa kula jani lililopakwa. Moja wakaiita warburganal. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba kemikali za mti huu zinaua aina kadhaa za fangasi ndani ya maabara. Shosho hakuwa anabahatisha.

Lakini gome ni ngozi ya mti. Chini yake tu ndipo inapopita njia ya kubeba chakula kutoka kwa majani kwenda kwa mizizi. Mzee wa zamani alikata kipande upande mmoja, akaacha, akarudi baada ya miaka. Alikuwa anatibu kijiji kimoja. Sasa soko ni jiji la mamilioni ya watu, na mwenye kutafuta gome analipwa kwa gunia. Anabambua mti mzima, mzunguko wote. Majani yanaendelea kutengeneza chakula lakini hakifiki chini, mizizi inakufa njaa, na mti unakauka ukiwa umesimama. Yaani kila tukinunua bila kuuliza, kuna mti mahali unalipa.

Muiri ulipitia hayo hayo kwa kiwango cha dunia. Jina lake la kisayansi ni Prunus africana. Wazee wetu walitumia gome lake kwa mambo mengi, tumbo na homa zikiwemo. Mwaka 1966 Mfaransa mmoja, Jacques Debat, alichukua hataza ya kutumia dondoo ya gome hilo kwa wanaume wazee wenye shida ya kukojoa juu ya tezi dume kuvimba. Dawa ikauzwa Ulaya kwa tembe nzuri ndani ya boksi safi. Magome yakaanza kutoka Kamerun, Madagaska, Kenya na kwingineko kwa tani na tani. Mwaka 1995 mti ukawekwa kwa orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa lazima idhibitiwe. Shosho wa Nyeri hakupata hata senti ya hiyo hataza. Alichobaki nacho ni miti michache zaidi.

Shubiri pia zilichimbwa porini hadi mwaka 1986 Rais Moi akatoa amri ya kupiga marufuku. Msandali ulifuata njia hiyo hiyo, ukapigwa marufuku 2007.

Na kabla mtu aseme hii ni shida ya Afrika, angalia Borneo. Mwaka 1987 watafiti walikusanya matawi na majani ya mti fulani msituni Sarawak, ardhi ya watu wa jamii za Dayak, ambao wamejitibu na misitu yao kwa vizazi. Maabara Marekani ikagundua kwamba sampuli ile ina kemikali inayozuia virusi vya ukimwi ndani ya chupa. Wakarudi mbio kuchukua zaidi. Mti ulikuwa umekatwa. Miti mingine ya aina ile waliyopima karibu na hapo haikuwa na nguvu ile, wakalazimika kuitafuta kwingine, hadi bustani ya mimea ya Singapore. Mti mmoja ulikuwa umebeba jibu la swali ambalo dunia nzima ilikuwa inauliza, na mtu aliuona kama mbao. Ni wangapi tumepika nao chai?

Lakini tusidanganyane

Sasa najua kuna mtu anasoma akisema "ndio, hospitali ni biashara, rudini kwa asili!" Buda, tulia. Hiyo nayo ni uvivu wa kufikiri.

Kwa ploti yetu Umoja kulikuwa na mzee aliyeugua kisukari. Alikuwa anatumia tembe zake vizuri. Akauziwa chupa ya maji meusi, bila lebo, akaambiwa aache tembe ili dawa "isigongane". Aliacha. Kidonda cha mguu kilianza kidogo kama cha kiatu kubana. Mguu ulikatwa. Yule muuzaji alikuwa ameshahamisha kibanda chake. Mzee hakuwa mjinga. Hakuwa tu na mahali pa kuuliza, juu kwa daktari angegombezwa na kwa muuzaji angedanganywa.

Na ukiona hiyo ni ya mtu mmoja, kumbuka Pearl Omega. Mwaka 1996 Wakenya walitangaziwa dawa ya mimea inayoponya ukimwi. Watu waliuza vitu vyao waipate. Haikuponya. Kumbuka Loliondo, 2011: mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alikuwa anagawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga pale Samunge kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, mengine yakiwa na namba za Kenya. Kuna waliotoka wodini wakiwa na maji ya dripu bado mkononi. Kuna waliokufa njiani. Kuna walioacha dawa za ARV. Kumbuka pia 2020, Madagaska ikituma chupa za artemisia kwa marais, na sisi huku tukijifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini.

Cha kuchekesha ni kwamba artemisia yenyewe ndiyo mfano bora wa njia ya kufuata. Mchina Tu Youyou hakuichukua kwa maneno matupu, wala hakuidharau. Alichambua vitabu vya kale vya dawa za Kichina, akapima mamia ya mimea, akashindwa mara nyingi, na mwaka 1972 timu yake ikatoa kemikali inayoua vimelea vya malaria. Mwaka 2015 alipewa Nobel. Leo ile tembe ya malaria unayopewa kwa dispensari ya kaunti hapo Kayole ina mzizi wake kwa mmea wa kienyeji wa watu wengine. Kwao kienyeji kilipimwa. Chetu tulikiogopa ama tukakiabudu, na kwa vyote viwili hatukukipima.

Na tukipima, tuandike, tena kwa majina yetu. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua fangasi. Wahindi walienda kupinga. Walileta ushahidi kwamba wakulima wao walikuwa wanafanya hivyo kabla. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, na rufaa ikaanguka 2005. Walishinda kwa sababu walikuwa na ushahidi. Sasa jiulize: kesho mtu akichukua hataza ya kitu ambacho shosho yako anakijua, wewe utaleta nini mahakamani? Voisi noti?

Kwa kweli, hata voisi noti ni mwanzo.

Kile ningetaka tufanye

Kwanza, rekodi. Shosho yangu amepita miaka themanini. Mwaka jana nilikaa naye siku tatu na simu, akanitajia mimea zaidi ya thelathini: jina, sehemu inayotumika, inapikwa ama inatafunwa, nani asipewe. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Karibu kwa kila mmea alisema nani asipewe: mjamzito, mtoto mdogo, mtu mwenye tumbo la vidonda. Wauzaji wa chupa bila lebo hawasemi hivyo kamwe. Ukitaka kutofautisha mjuzi na tapeli, hicho ndicho kipimo changu. Mjuzi anakwambia dawa yake inashindwa wapi. Tapeli ana bango la magonjwa ishirini, na la mwisho ni kumrudisha mpenzi.

Pili, sema ukweli kwa daktari. Kama mathe wako anakunywa kitu, ajue. Mimea ina kemikali, na kemikali zinaweza kugongana na dawa za presha, za kisukari, za kugandisha ama kulainisha damu. Na wewe daktari kijana unayesoma hii, usimcheke mgonjwa. Ukimcheka mara moja, hatakwambia tena, na utatibu nusu ya mtu.

Tatu, uliza majani. Kwa muthiga, kuna tafiti zinazoonyesha kwamba majani yana kemikali nyingi zile zile za gome. Jani linaota tena. Gome la mzunguko haliwezi. Wateja tukianza kuulizia majani, soko litaleta majani. Kule Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru wakishirikiana na ICIPE walianza kupanda mmea wa kienyeji aina ya mrihani badala ya kuuvuna msituni, wakatengeneza dawa ya kupaka kifua inayoitwa Naturub, wakashinda tuzo ya Equator mwaka 2010. Hawakuacha mila, waliipea shamba, lebo na bei.

Nne, kaunti ya Nairobi ifanye kazi yake. Sheria ya 2016 inazipa kaunti jukumu la kuandikisha maarifa ya jadi. Ningependa kuona siku ofisa anaingia Gikomba na daftari badala ya rungu. Awape wale kina mama meza, maji safi, lebo, na namba ya kupima bidhaa yao maabara. Asiyepita kipimo afunge. Anayepita aheshimiwe kama mtu wa kazi. Na ile Sheria ya Uchawi ya 1925, ambayo haijui hata inachokikataza, ifikie wakati ikae makumbusho na kipande.

Mimi sisemi mtu aache hospitali. Nikivunjika mguu leo, nipelekeni kwa eksirei, si kwa msitu. Ninachokataa ni kuishi kwa aibu niliyorithi kutoka kwa ofisa aliyekufa kitambo, halafu nilipe mara kumi ya bei ya Gikomba kwa tangawizi ile ile juu imekuja na kikombe cha kioo.

Wikendi hii piga simu ocha. Muulize shosho, guka, dani, kukhu, yeyote mnayemwita hivyo kwenu: mkiwa wadogo mlitibiwa na nini, na nani hakupewa? Andika jina vile analitamka yeye. Ukimaliza, muulize huo mti bado uko.